Siinami Tena

Jumatatu, 2 Machi

Kocha katuletea mtu. Eti mtaalamu wa saikolojia ya michezo. Suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, raba nyeupe zisizojua vumbi, saa mbili — moja mkononi, moja shingoni. Nimempa jina papo hapo: Bwana Ukakamavu, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Ukakamavu wa akili, ukakamavu wa fikra. Nadhani hata chai anakunywa kwa ukakamavu.

Kaja kwa ajili ya Kitinda. Kocha alimsimulia yote mbele yetu, bila aibu: jinsi mdogo wangu alivyoongoza mbio nzima mwezi uliopita, akasikia hatua za mtu nyuma yake kwenye kona ya mwisho, akaanza kulia. Kulia! Huku anakimbia! Wakampita watatu. Na mimi pale pale, mkono wangu umefungwa na wake kwa ukanda, naburutwa na machozi ya mtu mwingine.

Bwana Ukakamavu hakujua lolote kuhusu mbio za wasioona, ikabidi nimfundishe. Kwamba wote huvaa kitambaa cheusi machoni, ili yule anayeona mwanga kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Kwamba mwongozaji anaruhusiwa kusema lakini haruhusiwi kuvuta. Kwamba mwongozaji akitangulia kuvuka mstari, wote wawili nje. Hilo la mwisho nililisema nikitabasamu. Miaka yote niliyokimbia peke yangu nilikuwa wa nne. Sasa mimi ni wa pili daima, nyuma ya mdogo wangu, kwa sheria.

Mchujo wa timu ya taifa ni mwezi ujao. Mita elfu moja mia tano, nafasi ni moja. Mkimbiaji mmoja na mwongozaji wake watapewa trakisuti za taifa. Mimi nimeitaka hiyo trakisuti tangu nina meno ya utoto, sasa nitaipata kwa miguu ya mwingine au siipati kabisa.

Bwana Ukakamavu akatutazama tukizunguka uwanja, kisha akanivuta pembeni. Akasema tatizo si miguu ya Kitinda, tatizo ni sauti yangu. Namwambia kona inakuja, namwambia vizuri mdogo wangu, namwambia bado kidogo. Sauti yangu ni mto, analalia. Akasema niigeuze iwe jiwe.

Nikamwuliza nianze lini.


Alhamisi, 5 Machi

Nimeanza leo.

Bwana Ukakamavu amenunua kengele, ile ya shaba kama ya raundi ya mwisho. Tukakimbia. Akaipiga. Nikamwambia Kitinda: ya mwisho hiyo, maliza kila kitu ulichonacho. Akamaliza kweli. Alipofika mstarini akiwa hana hata pumzi ya kutemea mate, nikamwambia: bado moja, twende.

Akasema, "Dada, umesema ya mwisho."

Nikasema nimesema nini? Kimbia!

Alifika nusu ya raundi, akatapika kwenye njia ya tatu. Bwana Ukakamavu akaandika kitu. Mimi nilicheka — si kwa ubaya, nilicheka tu, kwa vile uso wake ulivyokuwa. Uso wa mtu aliyevutiwa kiti wakati anakaa.

Usiku aliniuliza kama nilikosea kuhesabu. Nikasema ndiyo, nilikosea. Akasema pole dada, umechoka. Pole! Ananipa pole mimi! Mtoto huyu ananiudhi kwa wema wake.


Jumamosi, 7 Machi

Bwana Ukakamavu kafanya darasa ofisini kwa kocha, kati ya mipira iliyopasuka na kabati lisilofunga. Zoezi la kuiona mbio kichwani kabla ya kuikimbia. Akamwambia Kitinda: fumba macho. Kitinda akamjibu kwa adabu kwamba, kwa ruhusa yake, amekwisha fumba tangu ana miaka miwili. Kocha alicheka mpaka akapaliwa na maji. Mtaalamu hakucheka. Watu wa ukakamavu hawana meno ya mbele, nadhani.

Akalipiza. Akampa kocha kipaza sauti cha mkononi, akaniambia nimtukane wakati anakimbia, nitafute mambo yanayomchoma kweli. Nani anayajua kuliko mimi? Nimelala chumba kimoja naye maisha yangu yote. Nikamwambia mama anachoka naye. Nikamwambia watu wanampigia makofi kwa huruma tu, hakuna anayempigia kwa mbio. Kocha akarudia yaleyale kwenye kipaza sauti, kama mwangwi mnene.

Raundi ya kwanza alilia. Ya pili alilia. Ya tatu alinyamaza na hatua zake zikawa ndefu. Nilisikia fahari. Nilisikia pia kitu kingine, kitamu, ambacho sitakitaja jina.


Jumanne, 10 Machi

Leo zoezi la kamba ya kiatu. Hili ni langu, si la Bwana Ukakamavu, na lilikuwa zuri kuliko yake yote.

Wakimbiaji wamepanga mstari. Kocha ana filimbi mdomoni. Namwambia Kitinda: kamba ya kiatu chako cha kushoto imefunguka. Anainama kushika. Filimbi! Wenzake wameondoka, yeye kainama kama anatafuta sindano, na kamba iko sawa, mafundo mawili. Adhabu: raundi ya ziada.

Mara ya pili aliuliza kwanza kwa mtunza uwanja aliyekuwa anapita na toroli. Nilikuwa nimeshampanga. Mzee wa watu akasema, "Kweli binti, imefunguka." Akainama tena. Filimbi tena! Mtunza uwanja akaondoka na toroli lake bila kunitazama.

Mara ya tatu akachelewa kuinama, lakini akainama.

Mara ya nne nilimwambia kwa sauti ya upole, ile ya zamani, sauti ya nyumbani. "Kitinda, safari hii ni kweli mdogo wangu, utaanguka." Akasimama wima kama mlingoti. Filimbi ikalia, akatoka wa kwanza. Nilikimbia kumfuata!

Bwana Ukakamavu alipiga makofi peke yake katikati ya uwanja. Akampa mkono Kitinda. Akamwambia mwanariadha mkakamavu hakagui, anakwenda.

"Siinami tena," Kitinda akasema.

Nilipewa sifa mbele ya wote. Kocha kasema nina kipaji. Ni mara ya kwanza kuambiwa hivyo katika uwanja wowote.


Jumatano, 18 Machi

Bwana Ukakamavu kasema ukakamavu hauishii getini, uende mpaka nyumbani. Chumba chetu ni kidogo: vitanda viwili, kigoda, ndoo ya maji, jiko la gesi dirishani. Kila kitu kina mahali pake kwa sababu yake. Hata sabuni. Akasema nivihamishe.

Nimevihamisha asubuhi Kitinda alipokuwa bafuni. Kigoda mlangoni, ndoo kati ya vitanda.

Aliingia anaimba. Akajigonga na kigoda, akashika ukuta, akarudi nyuma, akakanyaga ndoo. Maji chumba kizima. Akakaa sakafuni ndani ya maji, muundi umechubuka. Nilikuwa nimeketi kitandani namtazama. Nilidhani ataniita. Hakuniita. Akapapasa mpaka akapata kitambaa, akaanza kukausha sakafu, taratibu, kona kwa kona, na alipofika miguuni pangu akaisogeza kando kama miguu ya kitanda.

Alikuwa anajua kwamba nipo! Tangu mwanzo!

Sijisikii vizuri leo. Nimekula chakula chake pia, alikuwa hataki.


Jumapili, 22 Machi

Mama kapiga simu. Aliongea na Kitinda kwanza. Kisha akaniomba nitoke nje na simu. Akaniuliza mdogo wako ana nini, mbona anajibu kama karani wa benki. Nikamweleza mambo ya saikolojia, ya kumwimarisha, kwamba ndivyo wanavyofanya wote siku hizi. Mama akasema yeye alinikabidhi mtoto nimshike mkono. Nikasema ndiyo nimemshika, mama, nimemshika kwa ukanda. Hakucheka.

Mama hajawahi kukimbia hata kuwahi mvua. Atajua nini?


Ijumaa, 27 Machi

Muda wake unashuka kila wiki. Kocha haamini saa yake. Bwana Ukakamavu anatembea uwanjani kama amemzaa yeye.

Mimi nina habari nyingine. Asubuhi Kitinda aliniuliza blauzi aliyoshika ni rangi gani. Nikamwambia kijani, na ni kijani kweli, sikuwa na sababu ya kudanganya. Akavaa. Nikatoka kwenda kufua, nikasahau ndoo, nikarudi, nikamsikia kwa fundi cherehani wa chumba cha pili. Anamwuliza blauzi hii ni rangi gani. Fundi akasema kijani, mama. Kitinda akasema asante, nilitaka kuhakikisha tu.

Nikasimama na ndoo yangu ukumbini kama mwizi. Iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma kuliko kushindwa mbio yoyote. Tangu anaanza kutembea, mimi ndiye niliyemwambia mbingu ina rangi gani, nani mzuri na nani mbaya, wapi kuna shimo. Hakuwahi kumwuliza mtu wa pili.

Nikarudi chumbani na kufua kwa nguvu mpaka shati la Bwana Ukakamavu la mazoezi, alilotuachia, likatoka kifungo. Nimefurahi.


Alhamisi, 2 Aprili

Ameacha kuniita dada. Nimefuatilia tangu Jumatatu ili nisimsingizie. Ananiita mwongozaji. "Mwongozaji, tumechelewa." "Mwongozaji, chumvi iko wapi?" Nikimpa chumvi, anaonja kwanza kwa ncha ya kidole.

Nikalalamika kwa Bwana Ukakamavu. Akasema hongera, huo ndio umbali wa kitaaluma. Nikamwambia sisi hatuna taaluma, tuna mama mmoja. Akaangalia saa ya mkononi, kisha ya shingoni.

Jioni nikamchokoza Kitinda, kama zamani. Nikamwambia utafika mbali, hata ukifika usisahau nani alikuonyesha njia. Alikuwa anajipaka mafuta miguuni. Hakusimamisha hata mkono.

"Wewe ulikuwa wa nne siku zote," akasema. "Unajua nani yuko mbele. Kumfikia ndiyo huwezi."

Polepole kabisa, kama mtu anayesoma bei dukani. Na hakuna kipaza sauti. Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba za nguo mpaka uso wangu ukapoa.


Jumamosi, 11 Aprili

Mchujo. Sijui nianzie wapi.

Uwanja mkubwa, si kama wetu, majukwaa pande zote, watu wengi. Makundi mawili. Wawili wa kwanza kila kundi wanaingia fainali, na wengine wawili kwa muda wao. Tukatoka vizuri. Raundi ya kwanza, ya pili, tuko wa pili, hatua zake nzuri, mkono wake umelegea. Sikumtukana. Nilikuwa nimeamua leo ni ukweli mtupu, sina mchezo.

Kengele ikalia. Nikamwambia, "Ya mwisho. Sasa!"

Hakubadilisha kitu.

Nikasema tena, ya mwisho, Kitinda, kengele hiyo umeisikia. Akasema kwa pumzi fupi, "Naisikia kila siku." Akaendelea na mwendo wake uleule, anajiwekea akiba, kama mtu anayejua bado kuna nyingine. Mmoja akatupita. Wa pili akatupita. Nikapiga kelele mpaka koo likapasuka. Naapa! Naapa kwa mama! Nadhani alitabasamu.

Tukavuka mstari tukiwa wa nne. Nikamwambia tumemaliza, simama.

Hakusimama.

Akaendelea. Akanikokota. Nikakaza visigino, ukanda ukanikata kidole, yeye anavuta tu, mgumu kama punda wa maji. Watu majukwaani wakaanza kucheka. Kwanza upande mmoja, kisha uwanja mzima. Yeye akasikia kicheko akaongeza mwendo — ndivyo tulivyomfundisha, wakikucheka ongeza! Kama ni ukanda kukatika au bega langu kung'oka, nilichagua kuliokoa bega. Nikauachia.

Akakimbia peke yake. Mdogo wangu, kitambaa cheusi machoni, mikono mitupu. Kona ikafika, hakuna wa kumwambia kona, akaenda moja kwa moja, akatoka kwenye njia, akakata majani, mwamuzi mmoja akaruka kumpisha badala ya kumshika, mjinga yule. Akaingia kwenye shimo la mchanga la warukaji. Mchanga ndio uliomsimamisha. Akaanguka kwa magoti. Akaushika kwa mikono miwili, akaupepeta kati ya vidole, muda mrefu, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Hapo ndipo alipoamini kwamba mbio zimekwisha.

Nikamfikia. Watu bado wanacheka. Nikamgusa bega akasema najua, usiniambie kitu.

Muda wake umetosha! Ameingia fainali, wa mwisho kati ya waliochaguliwa kwa muda, kwa unywele. Fainali ni kesho.

Bwana Ukakamavu alikuja anang'aa. Eti mmeona? Hakukata tamaa hata baada ya mstari! Nilimwangalia shingo yake na ile saa na nikafikiria mambo. Kocha alikuwa ameinamisha kichwa anapanga chupa za maji zilizokwisha pangwa.

Jioni, hosteli ya wanariadha. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nikamwambia yote yamekwisha, kengele ya uongo, matusi, kigoda. Nikamwambia kesho kila neno nitakalosema litakuwa kweli, na nikamwomba msamaha, mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu msamaha hata nilipomwagia jirani uji.

Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Na hili nalo kalitunga mtaalamu," akauliza, "au ni lako?"


Jumapili, 12 Aprili

Naandika kwenye benchi, chumba cha kusubiri chini ya jukwaa. Saruji, harufu ya dawa ya misuli, taa ndefu moja inayopepesa. Wakimbiaji sita, waongozaji sita. Vitambaa vya macho vimekwisha kaguliwa na kufungwa. Hawaruhusu kocha humu wala mtaalamu. Ni sisi tu.

Asubuhi alikula vizuri. Alilala vizuri. Ameniambia mpango wake: leo atatoka mbele tangu mwanzo na kukimbia kila raundi kama ya mwisho, basi hatahitaji kuambiwa ipi ni ipi. Hahitaji sauti yangu. Nikae kimya, nikimbie, nisimzibie njia. Nikasema sawa. Na nadhani ataweza! Hilo ndilo linalonitia wazimu. Nimemtazama anavyopumua. Hakuna hata mmoja humu anayepumua hivyo. Yule bingwa wa mwaka jana anatafuna kucha, na mwongozaji wake anamsugua mgongo na kumnong'oneza. Mto. Mto mtupu.

Tulipokuwa tunateremka ngazi kuja hapa, kamba ya kiatu chake cha kushoto ilifunguka.

Ni ndefu. Iko sakafuni, nusu yake chini ya misumari ya kiatu.

Nimemwambia. Nimemwambia kwa sauti ya kawaida, si ya upole, nikijua ya upole ndiyo mbaya zaidi. Ametabasamu huku uso uko mbele.

Nimemwambia tena. Nimesema shika mwenyewe, usiniamini mimi, peleka mkono tu. Amesema, "Siinami."

Nimemwita mwamuzi wa mlangoni, kijana mwenye kadi kifuani. Nikamwomba amwambie. Akamwambia, "Kweli dada, kiatu chako kimefunguka." Kitinda akacheka kwa sauti, wote wakageuka. Akamwuliza mwamuzi wamempa shilingi ngapi, mwenzake wa toroli alifanya bure. Mwamuzi kaniangalia mimi. Sikuwa na la kumweleza ambalo lingeisha leo.

Nikateremka kwenye benchi, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono. Aliisikia pumzi yangu karibu na goti. Akavuta miguu yote miwili chini ya benchi.

"Mwongozaji," akasema, wote wanasikia, "kaa mahali pako. Nyuma kidogo."

Nimerudi kukaa. Uso wangu unawaka moto.

Naweza kumshika mguu kwa nguvu. Atanipiga teke, ana misumari. Mwamuzi ataingilia, tutatolewa nje wote wawili na nafasi itakwenda kwa mtafuna kucha. Naweza kuiacha, labda ataikanyaga, labda hataikanyaga. Wapo wanaokimbia hivyo wakafika. Na kuna kitu kibaya ndani yangu, kimeketi kimya tangu siku ya blauzi ile ya kijani, kinasema mwache aanguke. Akianguka atajua kwamba nilisema kweli.

Nakiogopa. Kina sauti yangu.

Wanatuita. Njia ya kwanza wamesimama. Njia ya pili. Nimemwambia mara nyingine, "Kitinda. Mama yetu mmoja." Amesimama, wima, kamba inaburuta upande wangu.

Amenyoosha mkono nimvalishe ukanda. Mkono wake hautetemeki hata kidogo.